Aliyeona Ndiye Aliyechagua: Mchezaji Bora wa Msimu, Kutoka Kilosa na Mikumi

Kwa miaka mingi mtu wa Kilosa alimjua mchezaji bora wa nchi hii kwa masikio. Alasiri ya mechi kubwa redio ilitolewa nje ikawekwa juu ya kigoda, betri zake zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kufika filimbi ya mwisho. Sauti iliyotoka humo ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Watangazaji wake wa mpira, kina Ahmed Jongo na Charles Hilary, ndio waliokuwa macho ya Kilosa, ya Kimamba, ya Mikumi na ya kila mji ambao Simba na Yanga hawakuchezea. Mtangazaji akisema winga amemwacha beki chini, basi beki alikuwa chini. Asipomtaja kiungo wa timu ya pili, hakuna aliyejua kama alikuwa akigawa mipira vizuri kuliko wote uwanjani. Gazeti lilikuja baadaye kwa treni ya reli ya kati, reli iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, nalo lilibeba picha moja au mbili na majina ya wafungaji.

Historia ya kumchagua mchezaji bora kwa kawaida husimuliwa kutoka ukumbini: suti, meza kuu, mgeni rasmi, bahasha inayofunguliwa taratibu. Nataka kuisimulia kutoka mbali na ukumbi, kutoka wilaya ya Kilosa, kwa sababu huko ndiko swali lake kubwa linakoonekana vizuri zaidi. Anayechagua ameona nini? Na yule aliyecheza vizuri mahali ambapo wachaguzi hawakufika, nani atamsemea?

Kabla ya kuwapo tuzo zenye majina ya kampuni, watu walikuwa na namna yao ya kuchagua. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wa milima na mabonde ya huku, kama walivyo jirani zao Waluguru, ngoma zao kubwa huja baada ya mavuno, chakula kikiwa ghalani na watu wakiwa na nafasi. Mchezaji anayekonga nyoyo hutunzwa. Mtu hutoka kwenye duara, akamfuata palepale anapocheza, akambandika noti kwenye paji la uso au akamfunga kanga kiunoni, kisha akarudi mahali pake akishangiliwa naye. Beni, iliyotoka pwani na kusambaa bara pamoja na askari, makarani na wafanyakazi wa miji katika miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, ilikuza mambo hayo mpaka yakawa mashindano ya vyama vizima. Marini na Arinoti walipimana kwa mavazi, kwa gwaride, kwa karamu. Hapakuwa na jaji mwenye daftari. Umati ndio uliosema, na mara nyingi umati ulisema mambo mawili kwa wakati mmoja, kila upande ukienda kulala ukiamini umeshinda.

Mpira wa miguu uliirithi desturi hiyo, na bado inaonekana. Fainali ya kombe la mbuzi katika vijiji vya Kilosa ina sura yake: mistari ya uwanja imechorwa kwa majivu, mbuzi amefungwa nyuma ya goli anakula majani bila habari, kipaza sauti kinaungwa kwenye betri ya gari, na kando ya mstari wa katikati kuna meza yenye kitambaa ambako wamekaa mtendaji wa kijiji, mfadhili aliyetoa jezi, na mwalimu wa michezo wa shule ya jirani. Mwalimu ana daftari la mistari. Ndani yake anaandika namba ya jezi, dakika, na jina, na jina hilo mara nyingi ni la utani kwa sababu la ubatizo hakuna anayelijua. Bao likiingia, watu huvamia uwanja, na mfungaji hutoka katikati yao na noti za elfu moja moja ndani ya soksi. Mechi ikiisha, meza huinamisha vichwa pamoja kwa dakika chache, kisha kipaza sauti hutangaza mchezaji bora wa mashindano, naye hupewa mpira au jozi ya viatu.

Hapo pana chaguzi mbili katika alasiri moja. Umati umeshamchagua wake kwa noti, palepale, kwa kile ulichokiona. Meza inachagua baadaye kwa kushauriana, ikiwa na daftari mbele yake. Mara nyingi wanakubaliana. Wasipokubaliana, maneno husikika mpaka msimu unaofuata, na kwa maoni yangu maneno hayo ni afya ya mchezo. Maana yake watu waliangalia kwa makini.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ndiyo Simba ya leo. Kwa miaka kumi ya mwanzo kombe halikutoka Dar es Salaam: Sunderland, Cosmopolitan, Yanga, Simba, Yanga tena. Mwaka 1975 likapanda treni. Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa, ya kwanza kufanya hivyo kutoka nje ya jiji, na kwa mtu wa Kilosa hiyo ilikuwa timu ya mkoa wake, ya kituo kikubwa kilicho upande wa mashariki wa reli yake. Baadaye ikaja Reli ya Morogoro, timu ya wafanyakazi wa shirika la reli, iliyopewa jina la Kiboko ya Vigogo kwa namna ilivyozitia adabu Simba na Yanga. Ukiuliza watu wazima wa Kilosa kuhusu wachezaji bora wa enzi hizo, watakutajia wa Mseto na Reli kwa majina, kwa miguu waliyotumia, kwa mabao wanayodai kuyaona Uwanja wa Jamhuri. Lakini kumbukumbu hizo zimebaki midomoni. Tuzo ya kuzitunza haikuwapo, au ilipokuwapo haikuandikwa mahali ambapo mjukuu anaweza kuipata. Kilichoandikwa na kubaki ni ubingwa na mabao.

Mwaka 1999 unaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Msimu huo bingwa alikuwa Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, kaskazini ya Kilosa ndani ya mkoa huohuo, iliyokuwa ikichezea Manungu, katikati ya mashamba ya miwa. Mwaka uliofuata, 2000, ikachukua tena. Hata hivyo takwimu inayotajwa mpaka leo kutoka mwaka 1999 ni ya mtu wa Yanga: Mohamed Hussein, aliyeitwa Mmachinga, aliyefunga mabao 26. Kila msimu mfungaji anapokaribia mabao 20, wachambuzi huirudisha hesabu hiyo ya Mmachinga mezani. Wakata Miwa wa Mtibwa walishinda ligi kwa ukuta, kwa nidhamu ya kiungo, kwa uvumilivu wa kusafiri na kurudi na pointi. Vitu hivyo ni vigumu kuvihesabu, na kisichohesabiwa kinahitaji mtu aliyekiona ili akisemee.

Kwa hiyo kuna njia mbili za kumpata aliye bora. Ya kwanza ni kuhesabu: aliyefunga mengi apewe kiatu cha dhahabu. Ya pili ni kuamua: watu wanaoaminiwa wakae, wajadili, wataje jina. Njia ya kwanza huonekana safi kwa sababu haimwombi mtu yeyote maoni. Wamarekani waliiamini sana mpaka ikawaumbua, na kisa chao kinastahili kusimuliwa kwa urefu, kwa kuwa tuzo nyingi za michezo za leo, pamoja na zetu, zinafuata njia waliyoishika baada ya aibu ile.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo na kukimbilia kituo kabla hajatolewa. Ubora wa mpigaji hupimwa kwa kugawa idadi ya mapigo yaliyomfikisha salama kwa idadi ya nafasi alizopata. Mwaka 1910 mtengeneza magari Hugh Chalmers alitangaza kwamba mpigaji atakayemaliza msimu na wastani mkubwa kuliko wote atapewa gari jipya la kampuni yake. Mbio zikabaki kwa wawili: Ty Cobb wa Detroit, hodari ambaye hata wenzake wengi hawakumpenda, na Napoleon Lajoie wa Cleveland, aliyependwa karibu na kila mtu. Zikiwa zimebaki siku mbili, Cobb alikuwa mbele. Akaamua kutocheza tena, asije akashusha wastani wake.

Tarehe 9 Oktoba Lajoie alicheza mechi mbili kwa siku moja ugenini St. Louis. Kocha wa wenyeji, Jack O'Connor, alimwambia kijana wake anayelinda kituo cha tatu, Red Corriden, asimame nyuma sana, karibu na majani ya mbali. Lajoie akaona mlango umeachwa wazi. Akawa anaugusa mpira kwa gongo polepole udondoke karibu, kisha anakimbia, na Corriden kutoka kule nyuma hafiki kwa wakati. Siku hiyo Lajoie aliandikiwa mapigo manane katika nafasi nane, na mengi kati ya hayo yalikuwa ya kugusa tu. Safari moja zaidi alifika salama lakini mwandishi wa rekodi akaihesabu kuwa kosa la mlinzi. Msaidizi wa kocha, Harry Howell, akampelekea ujumbe kumwahidi suti mpya akibadilisha kalamu. Hakubadilisha.

Kelele zikajaa magazetini. O'Connor na Howell wakafukuzwa kazi. Rais wa ligi, Ban Johnson, akapitia hesabu na kutangaza kwamba Cobb ameshinda kwa tofauti ndogo kabisa, asilimia 38.5 dhidi ya 38.4. Chalmers, mfanyabiashara mwenye akili, akawapa wote wawili magari. Miaka zaidi ya sitini baadaye watafiti waliozipekua karatasi za zamani waligundua kwamba mechi moja ya Cobb ilikuwa imeingizwa mara mbili. Hesabu iliyodhaniwa haihitaji maoni ya mtu ilikuwa imepitia mikono ya kocha, ya mlinzi, ya karani na ya rais wa ligi, na kila mkono uliacha alama yake.

Mwaka uliofuata, 1911, Chalmers alibadilisha utaratibu. Gari lingekwenda kwa mchezaji aliyekuwa na faida kubwa zaidi kwa timu yake, na waamuzi wangekuwa waandishi wa michezo kutoka miji yenye timu za ligi. Mpango wake uliisha mwaka 1914, lakini wazo lilibaki. Kuanzia 1931 chama cha waandishi wa besiboli cha Marekani ndicho kinachopiga kura. Utaratibu walioufikia ni wa busara: wapigaji kura hutoka katika kila mji wenye timu, kwa idadi sawa, na kila mmoja huandika majina kumi kwa kupanga, wa kwanza akipata pointi 14, wa pili 9, wa tatu 8 na kushuka. Karatasi hujazwa msimu wa kawaida unapoisha, kabla ya michezo ya mtoano, ili joto la fainali lisifunike kazi ya miezi sita.

Busara hiyo nayo haikumaliza ubishi. Mwaka 1947 Joe DiMaggio wa New York alipata pointi 202 na Ted Williams wa Boston 201. Williams alikuwa ameongoza kwa kila kipimo kikubwa cha upigaji, ila hakuwa rafiki wa waandishi, na mwandishi mmoja hakumweka hata nafasi ya kumi. Nafasi ya kumi tu ingemfikisha sare, ya tisa ingempa tuzo. Hata hivyo napenda sehemu moja ya utaratibu huo kuliko yote, nayo ni kura sawa kwa kila mji. Aliyecheza mji mdogo ana mashahidi wake ndani ya chumba.

Huku kwetu waandishi nao walichukua kazi hiyo. TASWA, Chama cha Waandishi wa Habari za Michezo Tanzania, kiliendesha kwa miaka mingi tuzo ya Mwanamichezo Bora, ikiwapima pamoja wanasoka, wanariadha, mabondia na wachezaji wa netiboli, kazi ngumu kuliko ile ya Wamarekani, maana huwezi kuugawanya ushindi wa mbio za marathoni kwa idadi ya mabao. Mwaka 2012 tuzo kubwa ilikwenda kwa Shomari Kapombe wa Simba. Alikuwa kijana wa miaka 20, mzaliwa wa Morogoro, aliyeingia Simba mwaka uliotangulia akitokea Polisi Morogoro. Alikuwa beki. Hapakuwa na safu ya takwimu gazetini ambayo ingemtaja: alicheza kulia, kati, na mbele kidogo alipohitajika, na thamani yake ilikuwa kwenye hatari ambazo hazikutokea. Waandishi walimwona kwa sababu alikuwa amefika Dar es Salaam. Msimu mmoja kabla, akiwa Polisi, alikuwa na miguu ileile.

Tuzo za ligi yenyewe zilipata nguvu wakati wa udhamini wa Vodacom, na hapo ndipo utaratibu wetu ulipoanza kufanana na mfumo. Palikuwa na mchezaji bora wa mwezi, aliyeondoka na shilingi milioni moja, kisha mchezaji bora wa msimu. Kamati ya tuzo ilikaa Dar es Salaam, lakini ilitegemea mapendekezo ya makocha waliowekwa katika vituo ambako mechi zilichezwa: Mbeya, Shinyanga, Bukoba, Tanga, Turiani. Mpango huo haukusifiwa inavyostahili. Kocha aliyekaa Manungu na karatasi yake, akimwangalia kiungo wa Mtibwa au mgeni wake, alikuwa shahidi wa mahali ambapo kamera ilikuwa haifiki mara kwa mara. Alikuwa anafanya kwa maandishi kile alichofanya mtangazaji wa redio kwa sauti.

Tazama sasa matokeo ya miaka hiyo. Msimu wa 2014/15 Simon Msuva wa Yanga alikuwa mfungaji bora kwa mabao 17 na akawa mchezaji bora pia. Kalamu na hesabu zilikubaliana. Msimu uliofuata Amissi Tambwe, Mrundi wa Yanga, alifunga 21, lakini mchezaji bora akawa mwenzake Juma Abdul, beki wa kulia. Mwaka 2016/17 mabao mengi yalikuwa 14, na wawili walifungana: Msuva, na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting. Mchezaji bora akawa Mohamed Hussein wa Simba, anayeitwa Tshabalala, beki wa kushoto. Mwaka 2017/18 Emmanuel Okwi alifunga 20 na mchezaji bora akawa nahodha wake, John Bocco. Mwaka 2019/20 Meddie Kagere alifunga 22 na mchezaji bora akawa Clatous Chama, Mzambia wa pasi za mwisho, ambaye hata watu wasioipenda Simba waliketi kumtazama.

Orodha hiyo inawapa heshima wachaguzi wetu, na nasema hivyo kwa dhati. Mara kwa mara walikataa kuifuata hesabu ya mabao kama kipofu anayeshikwa mkono. Kumpa tuzo beki wa pembeni mbele ya mfungaji wa mabao 21 kunataka watu waliotazama mechi nzima, siyo vipande vya magoli vya jioni. Wamarekani walichukua miaka mingi kujadili jambo hilohilo: mwaka 1956 walianzisha tuzo ya Cy Young kwa warushaji peke yao, kwa sababu warushaji walikuwa wakimezwa na wapigaji kwenye kura ya jumla.

Lakini isome orodha hiyohiyo kwa jicho la Mikumi. Msuva, Juma Abdul, Tshabalala, Bocco, Chama: wote wa Simba au Yanga. Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting ameingia kwenye historia kwa mlango mmoja tu, wa hesabu. Mwaka 2021/22 George Mpole wa Geita Gold alifunga mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga, akiwa na timu ya mji wa migodi iliyokuwa imepanda daraja msimu huohuo. Mchezaji bora wa msimu akawa Yannick Bangala, Mkongo wa Yanga aliyecheza kiungo na beki kwa utulivu wa ajabu katika timu iliyomaliza ligi bila kufungwa. Uchaguzi wa Bangala naukubali. Nilimtazama na sioni wa kumbishia. Ninachosema ni kwamba kwa mchezaji wa timu ndogo, kiatu cha dhahabu ndiyo tuzo pekee ambayo haimhitaji mtu amfahamu. Mpole alihitaji nyavu kutikisika na mwamuzi kuandika jina lake kwenye ripoti. Bangala alihitaji kuonwa, naye alionwa kila wiki na nchi nzima.

Mbwana Samatta aliwahi kuvuka pengo la namna hiyo kwa bara zima. Akiwa TP Mazembe ya Lubumbashi, mwaka 2015 alibeba Ligi ya Mabingwa Afrika na kufunga humo mabao 7. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akiwa na pointi 127 dhidi ya 88 za mwenzake wa Mazembe, kipa Robert Kidiaba, na 63 za Baghdad Bounedjah wa Algeria. Waliopiga kura walikuwa watu wa benchi la ufundi wa timu za taifa za Afrika, wengi wao kutoka nchi ambazo hazina cha kuzifunga na Tanzania. Walimjua kwa sababu mashindano yale yalionyeshwa kila mahali.

Na hapo ndipo mambo yalipobadilika kwa Kilosa na Mikumi. Msimu wa 2013/14 Azam TV ilianza kuonyesha ligi yetu, na mwaka 2021 ilisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa mtu wa wilayani, kilichobadilika kiko kwenye kibanda umiza. Pale Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya, ambako malori hupumzika baada ya kuvuka hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, vibanda hivyo hujaa mechi zinapoanza. Mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, king'amuzi juu ya kabati lenye kufuli, ubao wa nje wenye majina ya timu na saa kwa chaki. Kiingilio ni cha mtu wa kawaida. Ndani yake utawakuta utingo wa lori, fundi wa pikipiki, mwalimu, mama muuza mihogo aliyeegemea mlango, na kila mmoja ameziona mechi nyingi za msimu kuliko alivyoweza kuziona mwandishi yeyote wa mwaka 1985. Babu yao aliambiwa beki yuko chini. Wao wamemwona akianguka, kisha wameonyeshwa tena polepole kutoka upande wa pili.

Kwa hiyo ubishi wa kibandani umepanda daraja. Mwaka 2022/23, Mayele wa Yanga na Saido Ntibazonkiza wa Simba walipomaliza na mabao 17 kila mmoja, watu waliweza kuyahesabu moja moja: ya penalti mangapi, ya ugenini mangapi, yaliyokuja wakati mechi imeshakufa mangapi. Saido alikuwa amefunga matano siku moja dhidi ya Polisi Tanzania, ikiwa imebaki mechi moja msimu uishe. Kuna waliosema mabao matano dhidi ya timu inayoshuka daraja hayana uzito wa matano yaliyosambaa, na kuna waliojibu kwamba Polisi Tanzania iliwakabili wote. Mchezaji bora akawa Mayele. Msimu wa 2023/24 hapakuwa na mengi ya kubishania: Stephane Aziz Ki wa Yanga na Feisal Salum wa Azam walifukuzana mpaka siku ya mwisho, Aziz Ki akamaliza na 21, Feisal na 19, na tuzo ya mchezaji bora ikamfuata Aziz Ki.

Luninga nayo ina upande wake. Kamera nyingi na wachambuzi wengi huwekwa kwenye mechi za wakubwa, na mechi ya saa nane mchana kati ya timu mbili za katikati ya msimamo hutazamwa na watu wachache. Kibanda umiza nacho hufuata wateja: Yanga na Simba zikicheza, viti havitoshi, Mashujaa ikicheza na Namungo, mwenye kibanda huweka filamu. Ndiyo maana bado naona utaratibu wa makocha wa vituoni, mmoja kwa kila uwanja, ni bora kuliko kura ya watu wengi ambao wote walitazama mechi zilezile tatu.

Mbali na luninga, reli mpya ya kisasa nayo imefika: tangu katikati ya 2024 treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma inasimama Kilosa, na mtu anaweza kwenda kuona mechi jijini kwa safari ambayo baba yake aliikesha.

Msimu huo wa Aziz Ki, Mtibwa Sugar ilishuka daraja. Mkoa wa Morogoro, uliotoa bingwa wa 1975 na wa 1999 na 2000, ukapitisha msimu mzima wa 2024/25 bila timu yake Ligi Kuu. Mchezaji wa Mtibwa aliyefanya vizuri mwaka huo alifanya hivyo kwenye Ligi ya Championship, mbali na macho ya wanaomchagua mchezaji bora wa Ligi Kuu. Mwaka 2025 Wakata Miwa walipanda tena, na majina yao yakarudi kwenye karatasi za wachaguzi.